Niliandika Bega

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na habari zangu nitajitetea, na kujitetea ni kazi niliyoisomea. Niliidanganya mashine. Niliiuliza habari ya mwili wa mama mkwe wangu huku nikiiambia ni mwili wangu. Ikanijibu vizuri tu kuhusu mwili wangu, na lile jibu nikampelekea mama mkwe.

Ukitaka unaweza kuishia hapo. Ila ningekuomba uendelee, kwa sababu kosa hili bado linatembea, na wakati nakuandikia sijui limefika kwa nani.

Usinitafute jina. Watu wa Bariadi watanijua wenyewe wakifika kwenye habari ya funza wa pamba, nami sitabisha.

Nina miaka hamsini na mbili. Naandika makala za uchumi zinazosomwa na watu wachache, na nikijitoa mimi wanapungua zaidi. Chuo kikuu niliingia miaka ile ya soko huria, wakati kila siku tunaambiwa milango imefunguliwa: mnunuzi wa pamba aje na mizani yake, mwenye duka la dawa afungue duka lake, kila mtu ajichagulie. Wahadhiri wetu walitufundisha jambo moja nikalivaa kama hirizi, kwamba mtu mwenye taarifa hujichagulia vizuri. Mpe mkulima taarifa, kisha mwache. Nililiandikia tasnifu nzima na nikapata alama nzuri.

Basi ilipokuja hii akili bandia ya kwenye simu, ile unayoiandikia swali ikakujibu kama mtu aliyekaa mbele yako, nilijiona nimethibitishwa. Nilizunguka nayo mjini kama mtu aliyenunua pikipiki mpya.

Wakwe zangu wanakaa kijiji kimoja upande wa Malampaka, mahali ambapo treni ya Mwanza ikipita kuku wanainua vichwa. Wanalima pamba na wanafuga. Msimu mmoja shemeji yangu Masanja alinitumia picha ya kitumba cha pamba kilichotobolewa. Nikaiweka picha kwenye mashine. Ikasema ni funza wa vitumba, ikasema apulize dawa lini na namna gani. Wiki iliyofuata bwana shamba akapita, akasema hayo hayo. Pamba ya Masanja ikatoka nyeupe pee.

Mtu mwenye busara angesema tumshukuru bwana shamba aliyefika na kuangalia. Mimi nilisimama kwenye sherehe ya kumtoa binti wa Masanja, soda mkononi, nikawaambia wakwe zangu wote: "Mashine haikosei, muhimu ni kuijulia kuuliza."

Walipiga makofi. Kuanzia siku hiyo kijijini ikaitwa mashine ya mkwe. Ndama akiharisha, mashine ya mkwe. Mvua ikichelewa, mashine ya mkwe. Sikumkatalia mtu.

Sasa nikueleze jambo moja kama wewe si wa huku kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja, hatutazamani usoni. Nikimwona anakuja njiani, mimi naingia shambani kwa mtu mpaka apite. Kuna mara moja mashamba yalikuwa yamekwisha nikaingia kwenye zizi, na nilikuwa nimevaa suti. Akija kwangu Bariadi yeye hukaa uani jikoni, mimi barazani, na mke wangu ndiye anayebeba maneno yetu kwenda na kurudi. Miaka ishirini na minne ya ndoa, mama huyu namjua kwa sauti na kwa mgongo. Sehemu yoyote ya mwili wake iliyo chini ya shingo, jina lake halipiti mdomoni mwangu.

Wasomi wenzangu hunicheka. Wanasema mtu na shahada yako bado unakimbilia zizini. Huwa nawajibu kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya maisha yangu ambayo sijawahi kuionea haya. Leo najibu kwa sauti ndogo zaidi.

Alikuja Jumamosi moja asubuhi, pamba ikiwa imeanza kupasuka. Nilimsikia akishuka kwenye bodaboda, nikageuza kiti kutazama ukuta.

"Mwangaluka, mkwe," akasema akipita pembeni ya nyumba.

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Salamu hizo za Kisukuma, umeamkaje na ni salama tu, ndizo kwa kawaida zilikuwa mazungumzo yetu marefu. Akapita uani. Baada ya muda mke wangu akatoka, akakaa kwenye kigoda karibu yangu, sauti ameishusha.

"Baba Sayi, mama ana uvimbe."

"Wapi?"

"Kwenye titi. La kushoto, juu, upande wa kwapa."

Nikaangalia paa la jirani. Nilitamani sana angesema goti.

"Hauumi," akaendelea. "Ameuona tangu wakati wa kupalilia, una kama miezi mitano. Sasa wiki ijayo kuna madaktari wanatoka Mwanza, wanakuja kituo cha afya Malampaka kupima akina mama. Na wiki hiyo hiyo ndiyo zamu ya shamba lake, kikundi chao wanakuja kumvunia. Anauliza aende au avune."

"Si aende," nikasema.

Nakuomba uniandikie hilo upande wangu mzuri, maana hakuna lingine. Nilisema aende, tena bila kufikiri. Ningenyamaza pale pale leo nisingekuwa nakuandikia.

"Hata mimi nimemwambia aende," mke wangu akasema. "Hataki. Anasema kwanza uulize mashine. Anasema haikosei, muhimu ni kuijulia kuuliza."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kutoka jikoni kwangu. Na nikaona raha. Hilo nalo nalikiri.

Nikatoa simu. Nikaandika: Mama mkwe wangu ana uvimbe kwenye. Hapo kidole kikagoma.

Najua utasema ni simu tu, haina macho. Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini nilipotaka kuliandika lile neno nikajisikia kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akamkuta mama wa mke wake anaoga. Halafu simu yangu inashikwa na kila mtu, Masanja akija huichukua kutazama mpira. Nikafikiria Masanja akikuta nimeandika titi la mama yake. Jasho likanitoka, na saa tatu ya asubuhi Bariadi haina joto la kumtoa mtu jasho.

Nikafuta. Nikaandika upya: Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili. Nina uvimbe kwenye bega la kushoto. Hauumi. Una miezi mitano.

Uvimbe ni uvimbe, nilijiambia. Hata nikajipongeza kwamba sikubadilisha upande. Kushoto nilikuacha kushoto.

Mashine haikujibu haraka haraka kama mlevi. Iliniuliza maswali, tena maswali ya mtu makini. Je, ni laini au mgumu? Ukiusukuma kwa kidole unasogea? Umekuwa ukiongezeka? Ngozi ya juu imebadilika?

Mke wangu alikuwa amesharudi jikoni. Nilichotakiwa kufanya ni kumwita, aende akaulize, arudi. Hatua kumi na tano. Lakini hebu fikiria swali lenyewe. Nimtume mke wangu akamwambie mama yake: mkwe wako anauliza uvimbe ni laini au mgumu?

Nikapapasa bega langu mwenyewe.

Sikuambii ili ucheke, ingawa ukicheka sitakulaumu. Nilikaa barazani kwangu, mtu mzima mwenye tasnifu, nikaingiza mkono ndani ya shati, nikabonyeza bega langu la kushoto. Lilikuwa laini. Nikaandika: laini. Nikabonyeza tena. Nyama ikasogea. Nikaandika: unasogea. Ngozi? Nikachungulia. Ngozi ilikuwa ngozi.

Mashine ikajibu kwamba uvimbe laini, usiouma, unaosogea chini ya ngozi ya bega, kwa mtu wa umri wangu, mara nyingi huwa ni wa mafuta na si hatari. Ikaeleza kwa utaratibu mzuri. Mwisho ikaandika kwamba haiwezi kunipima, na kwa kuwa uvimbe umekaa miezi, ni vizuri nionane na daktari, hasa ukiwa mgumu au ukiongezeka.

Nikamwita mke wangu, nikamsomea kwa sauti ile ninayoitumia kwenye makongamano. Nilipofika kwenye ile sehemu ya mwisho nikafunga simu. Nilikuwa nimezoea kuichukulia kama yale maandishi madogo kwenye boksi la dawa, yapo tu ili mwenye kiwanda alale vizuri.

"Kwa hiyo?" mke wangu akauliza.

"Ni mafuta. Usiouma kwa kawaida ni mafuta tu."

"Una uhakika umeiuliza vizuri?"

"Mama Sayi, kuuliza ndiyo kazi yangu."

Akaenda. Nikasikia anamwambia mama yake kwa Kisukuma, nikasikia kicheko cha mama mkwe, kile kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Kisha sauti yake ikavuka ukuta.

"Mwambie mkwe ahsante sana. Na hiyo mashine inakula nini, niiletee?"

Wiki mbili baadaye ikaja gunia la michembe, viazi vikavu vizuri vilivyokaushwa kwa mikono yake. Aliyeleta akasema: "Hii ni ya mashine." Tulivichemsha na karanga. Nilikula mimi, kwa niaba ya mashine, na nilirudia sahani.

Wakati nakula, madaktari wa Mwanza walikuwa wameshakuja Malampaka na wameshaondoka. Yeye alikuwa shambani anavuna.

Miezi ikapita, msimu mwingine wa pamba ukaingia. Simu za kijijini zilikuwa za kawaida: mvua, ng'ombe, arusi. Shule zilipofungwa mke wangu, ambaye ni mwalimu, akaenda kwao kusalimia. Siku ya pili akanipigia.

"Mama anateka maji kwa mkono mmoja."

"Ameumia?"

"Mkono wa kushoto umevimba mpaka vidole. Nimemwambia anionyeshe, hataki. Anasema ni mafuta yameshuka."

Mafuta yameshuka. Mama huyu alikuwa ameendelea kunitafsiria mpaka mwisho. Kila alichoona kwenye mwili wake alikipeleka kwenye jibu langu, na jibu likawa linatosha.

Mke wangu alimvua kanga kwa nguvu, huku wote wawili wanalia. Alichokiona hakunieleza, na mpaka leo hajanieleza. Aliniambia tu: "Leta gari."

Tulimpeleka hospitali moja kubwa Mwanza. Yeye na mke wangu waliketi nyuma na pazia la kanga katikati yetu, mimi mbele na dereva. Njia nzima hakulalamika. Tulipopita mizani ya pamba ya barabarani akauliza tu kama wameshaanza kununua.

Baada ya vipimo, mke wangu aliingia naye kwa daktari, mimi nikabaki kwenye korido, mgongo kwa mlango. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti yake ilikuwa inasikika. Aliuliza uvimbe una muda gani. Akauliza kwa nini hakuja siku ile madaktari wenzake walipokuja Malampaka. Kisha akauliza: "Nani aliwaambia ni mafuta?"

Mama mkwe akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

"Mashine ya mkwe."

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu.

"Daktari anataka kuona ulivyouliza."

"Simu haina chaji."

"Baba Sayi, lete simu."

Alijua namba ya siri, maana kwetu hatufichani. Akatafuta, akapata, akasoma akiwa amesimama. Nilimtazama midomo. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Watu walikuwa wanapita na mafaili na machela, wakatuzunguka.

"Hii ni wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Bega lako."

"Ndiyo."

"Mama yuko wapi humu?"

Nimeandika makala nyingi, nimejibu watu wakali kuliko mke wangu, wengine mawaziri. Mama yuko wapi humu? Hakuwemo. Nilimtoa mwenyewe kwa kidole changu, kwa heshima zote.

Daktari alitoka akachukua simu, naye akasoma. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

"Jibu si baya," akasema. "Mwanaume akija na bega kama hili, hata mimi ningemwambia karibu hivi hivi. Tena hapa chini imekuandikia umwone daktari. Hii uliisoma?"

"Niliisoma."

"Na mama ulimsomea?"

Nikatikisa kichwa.

"Mzee wangu," akasema, na mimi na mvi zangu nikalisikia hilo neno, "hata sisi tuna kompyuta inayotusaidia kusoma picha za matiti. Jioni jicho limechoka, yenyewe inakuonyesha kidoa ulichokipita. Siidharau. Lakini tunaipa picha ya mgonjwa. Hatuipi picha ya mkwe wake."

Akaingia tena na mke wangu, akarudishia mlango taratibu. Kupitia mlangoni nilimsikia akimweleza mke wangu kwamba ugonjwa umeshafika kwapani na umevuka, kwamba wataanza dawa, kwamba dawa zitamsaidia kupumua na maumivu, na kwamba yale maneno mengine ya kupona, ambayo angependa kutuambia, yalikuwa ni ya miezi mingi iliyopita.

Nililala Mwanza siku kadhaa. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa karibu na dirisha, nami nikapata sehemu yangu nje ya dirisha lile, mgongo ukutani, natazama bustani ya maua yaliyokauka. Mke wangu alikuwa ndani. Alikuwa ameshamweleza. Nilitaka kuomba msamaha, nikawa natafuta mwanzo mzuri, ugonjwa wa waandishi. Akanitangulia.

"Mkwe, upo hapo?"

"Nipo, mama."

"Ati uliandika bega."

"Niliandika bega."

Kisha akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikamsikia mke wangu akimpa maji.

"Yaani uliniogopa mpaka kwenye simu?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Haya. Heshima yako imenikalia hapa."

Sikuona alipoonyesha, nilikuwa nimempa mgongo kama inavyotakiwa. Lakini nilipajua. Nilipajua tangu ile Jumamosi.

Nikasema nisamehe. Akasema ameshasamehe, mtoto hahukumiwi kwa kuogopa. Nikadhani yameishia hapo na nikaanza kulia, kimya kimya, kwa adabu. Ndipo akauliza:

"Sasa na Minza je?"

"Minza yupi, mama?"

"Wa kikundi chetu. Naye ana uvimbe kama wangu. Siku ile alitaka kwenda kupima, nikamwambia kaa tuvune, mashine ya mkwe imesema usiouma ni mafuta. Nilisema mbele ya wote. Wakafurahi. Wengine wakasema watawaambia na mabinti zao."

Nadhani hapo ndipo nilipoacha kulia. Kuna woga unaokausha machozi.

Kwenye basi la kurudi nilifanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Niliandika: Mama mkwe wangu ana uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, hauumi, una miezi mitano. Niliandika yote bila kuruka neno, na abiria wa pembeni akawa anachungulia, nikamwacha achungulie. Jibu lilikuja kabla kondakta hajamaliza safu yetu. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba uvimbe kama huo unapaswa kuchunguzwa na daktari mapema, hata kama hauumi.

Hata kama hauumi. Ilikuwa inajua. Ilikuwa inajua siku zote, ikinisubiri tu niiambie ukweli.

Nilishuka, nikachukua bodaboda mpaka kwa Minza. Nilimkuta amekaa kivulini mwa ghala anabangua karanga, mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye maneno.

"Karibu, mwenye mashine," akasema. "Leo umekuja nayo?"

Nikakaa. Nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, ila kwake nilienda polepole zaidi. Nikamwambia mama mkwe yuko Mwanza, mkono umevimba. Akasikitika sana. Nikamwambia lile jibu halikuwa lake wala la mama mkwe, lilikuwa la bega langu. Akaacha kubangua.

"Bega gani?"

"Hili."

"Hebu."

Yeye si mkwe wangu, kwa hiyo aliweza kufanya ambalo halikuwezekana nyumbani kwangu. Akainuka, akalibonyeza bega langu juu ya shati kwa vidole vigumu vya mtu wa jembe, kama anayenunua papai.

"Hamna kitu hapa."

"Ndiyo ninachokuambia. Hamna kitu."

"Ulikuwa na uvimbe, ukapotea?"

"Sikuwahi kuwa nao, dada. Nilidanganya."

Kisha akarudi kwenye karanga zake.

"Basi mashine iko sawa," akasema. "Ilisema huna ugonjwa, na kweli huna. Mbona unaisengenya?"

"Minza, nakuomba. Uvimbe wako ni mgumu au laini?"

"We mwanaume, hilo ni swali la kuniuliza?"

Nilistahili.

"Mama Masanja ni mtu mzima," akaendelea, sasa bila utani. "Watu wazima wanaumwa. Mimi hapa nalima, nabeba, hauniumi. Hospitali nitaenda, sijakataa. Pamba ikiisha." Akapepeta maganda. "Na wewe leo unasema hivi, juzi ulisema vile. Nimwamini nani, wewe au mashine?"

Nilimsihi mpaka jua likapinda. Niliahidi gari. Niliahidi kumleta mke wangu azungumze naye, na mke wangu amekuja kweli, mara mbili, na ya pili hakumkuta. Majirani wakasema amekwenda Mwanhuzi kumsaidia dada yake, ambaye naye, wakaniambia kwa kunituliza, ana kauvimbe kadogo lakini hakana shida, Minza alishampigia simu akamweleza. Ni mafuta.

Kwa hiyo ndipo tulipo. Mama mkwe yuko kwenye dawa, anazidi kuwa mwepesi. Mke wangu anaishi na mimi, ananipakulia chakula, ananiita Baba Sayi, lakini akitaka kujua jambo lolote sasa anamuuliza mtu mwingine. Wakati mwingine namkuta ameshika simu yangu, anasoma yale mazungumzo, nadhani bado anamtafuta mama yake humo.

Nimekwenda Mwanhuzi. Ni kukubwa, kaya ziko mbali mbali, na dada yake Minza ameolewa kwa watu wanaohama na ng'ombe. Kila ninapouliza, watu hawajui alipo. Lakini lile neno wanalijua. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maziwa, ambaye sijawahi kumwona, alinifundisha kwa upole, baada ya kusikia ninachotafuta, kwamba nisiwe na wasiwasi, uvimbe usiouma ni mafuta tu, wamepima kwa mashine.

Siwezi kukukataza kuuliza mashine. Nadhani itakusaidia, kama ilivyoisaidia pamba. Ila ukiiuliza habari ya mgonjwa, mpeleke mgonjwa mwenyewe humo, na jina la kiungo chake, hata kama kidole kinakataa. Usilolijua, nenda kaulize. Aibu yako haitakuua wewe. Na ikikuambia umwone daktari, soma hapo kwa sauti kubwa kuliko kwingine kote.

Na wewe mama, au dada, uliyesikia shambani au kisimani kwamba usiouma ni mafuta, mashine imesema: nakuomba uende ukapimwe kabla pamba haijaisha. Hukutajwa kwenye jibu lile, wala hakuna mwanamke yeyote aliyetajwa. Lilikuwa jibu la bega langu, na bega langu halijawahi kuwa na kitu.